Dakika Kumi za Mwabadimi

Jumatano, 3 Julai 1996

Leo nimepanda cheo. Mimi Mayunga wa Mwabadimi, miaka ishirini na moja, Form Two kasoro mtihani — katibu wa sungusungu! Katibu wa zamani amehamia Lamadi kuuza dagaa. Ameacha daftari lenye kurasa nne zilizoandikwa. Zile nyingine wazee wamesokotea tumbaku.

Ilikuwa hivi. Mtendaji wa kijiji karudi kutoka Bariadi na tangazo. Serikali inatoa ruzuku kwa vijiji vinavyopambana na wizi. Mfuko wa Kuzuia Uhalifu, ndilo jina lake. Sio mkopo — ruzuku! Hairudishwi! Redio koli ya kuongea na polisi wilayani, baiskeli sita, tochi, bati za ofisi, na semina ya sheria kwa wazee wa baraza. Lakini tarafa nzima kitapata kijiji kimoja tu. Na lazima muombe kwa maandishi, kurasa zisizopungua tano.

Kurasa tano! Wazee wakatazamana kama mbuzi walioona gari.

Ntemi Masunga akauliza, humu ndani nani ana shule? Ntemi ndiye kamanda wetu wa sungusungu. Mfupi, sauti ya fahali, hajui kusoma hata jina lake. Nikasimama kabla hajamaliza. Mtu nyuma akasema, huyo si alifukuzwa? Sikufukuzwa! Maksai wanne wa baba waliibwa Novemba mwaka juzi, jembe likakaa, pamba hatukulima, ada ikakosekana. Hiyo si kufukuzwa. Hiyo ni kuibiwa shule. Nimewaambia hivyo hivyo.

Halafu mdomo wangu ukaniponza. Nikasema: tusipopata hiyo ruzuku, naacha ukatibu, naenda Mwamapalala kuchunga mbuzi wa mjomba mpaka nizeeke. Wakapiga makofi. Kwa furaha waliyopiga nayo, hata sikupenda.

Mama kasikia habari kabla sijafika nyumbani. Kasema mbuzi wa mjomba ni wakorofi, nianze mazoezi ya kukimbia.

Ijumaa, 5 Julai

Nimeandika kutwa. Mkono unauma, kichwa kinacheka.

Ntemi alikaa pembeni akinieleza, mimi naandika. Nilimwuliza kuhusu mwano — kama vile siujui — ili aueleze mwenyewe kwa ukali wake. Akasema: mtu akiibiwa anapiga yowe na filimbi. Kila mwanamume anatoka na upinde wake. Kila kijiji kinachosikia kinaziba njia na vivuko, kisha kinapokeza kijiji cha mbele, na cha mbele kinapokeza, mpaka ng'ombe wapatikane. Asiyetoka anatozwa.

Nikauliza, wanatoka kwa muda gani?

"Mara moja."

Serikali haijui "mara moja", nikamwambia. Serikali inataka dakika.

"Dakika ni nini kwa mtu anayekimbia? Andika wewe, si ndiyo shule yako?"

Nikaandika dakika tano. Nikajionea huruma. Nikafuta, nikaandika kumi.

Ukurasa wa mwisho ni wa sahihi. Ntemi hawezi kuendesha baiskeli mpaka Bariadi kwa ajili ya kuweka dole, goti linamsumbua. Basi ameliweka leo leo, kwenye karatasi tupu. Nitamwambia mchapaji apange maneno, dole libaki chini kabisa. Dole zuri! Limejaa, limekaa sawasawa. Hata wino umeheshimu.

Jumatatu, 8 Julai

Bariadi. Baiskeli ya kuazima, pancha mbili, lakini nimefika.

Siku hizi mji umechangamka. Nyuma ya stendi kuna duka la kuchapa, la mtu binafsi, mlangoni wameandika "Tunataipu Chochote". Mchapaji ni msichana anaitwa Scola. Vidole vyake vinakwenda kama vya mtu anayeumwa na siafu. Nikampa jogoo, malipo ya kazi. Akamtazama jogoo, akanitazama mimi, akasema jogoo ana adabu zaidi, hajaongea toka aingie.

Akasoma. Akaanza kucheka!

"'Tutakomesha wizi milele.' Milele hiyo umeitoa wapi, kaka?"

Ni lugha ya kuomba, nikasema.

"Andika 'tutapunguza'. Milele waachie mapadri."

Nikakubali. Kisha akafika namba nne na kicheko kikakata. Fomu ya wilaya inauliza: mtuhumiwa akikamatwa mnamfanya nini? Mimi nilikuwa nimeandika ukweli: anapewa dawa yake.

Scola akasema, ukipeleka hivi, hamtapewa redio. Mtapewa pingu, tena ninyi ndio mtakaovaa. Hela hizi ni za sheria. Wanataka mtu afike mahakamani akiwa na meno yake.

Basi akanisomea namna wengine wanavyoandika, na mimi nikatunga yangu, nzuri kuliko zote. Nanakili hapa: "Namba 4. Mtuhumiwa hapigwi wala hafungwi kamba shingoni. Jina lake litaandikwa katika daftari, na siku hiyo hiyo atafikishwa Mahakama ya Mwanzo. Atakayemgusa ni mkosaji sawa na mwizi."

Sawa na mwizi! Hayo ni maneno yangu. Scola kasema hiyo sentensi ni ya mtu aliyefanya mtihani wa Form Two. Nimerudi Mwabadimi bila kuhisi kilima hata kimoja.

Ntemi sijamwambia habari ya namba nne. Nitamwambia. Jembe likishakwenda huwezi kusimamisha maksai kila hatua.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepeleka. Wamegonga muhuri, pwaa!

Mlangoni nimekutana na Mwalimu Thomasi, katibu wa sungusungu wa Ibushilo, jirani zetu. Fulana ndani, shati juu, kalamu tatu mfukoni. Ameandika yao kwa Kiingereza! Akaniuliza kama yangu nimeiweka kwenye lugha gani. Nikasema lugha ambayo mwizi anaielewa.

Jumapili, 21 Julai

Hakuna jibu. Kanisani Thomasi kakaa benchi la mbele yangu akageuka wakati wa kupeana amani. "Amani iwe nawe, mchunga mbuzi." Habari za ahadi yangu zimeshafika Ibushilo!

Nilimpa mkono. Nilimbana kweli kweli.

Jumanne, 30 Julai

Barua! Tumebaki vijiji viwili — sisi na Ibushilo. Vingine vyote nje! Kamati inakuja keshokutwa kuhakiki. "Kuhakiki yaliyoandikwa," ndivyo barua inavyosema.

Nimesomea baraza andiko zima. Wazee walikuwa wanaguna kwa raha. Mmoja alisema hakujua kwamba Mwabadimi ni kijiji kikubwa namna hiyo. Namba moja, mbili, tatu, tano, sita.

Nne niliiruka. Ulimi wenyewe uliruka. Ntemi alikuwa ameshika fimbo yake mapajani na anacheka vizuri sana, sikutaka kumharibia.

Alhamisi, 1 Agosti

Nitaandika yote, hata wino uishe.

Land Rover ilifika saa tano. Walikuwa wameanzia Ibushilo. Mabwana wawili wa wilaya na mama mmoja kutoka mkoani Shinyanga, Mama Wilhelmina, mwanasheria. Nywele fupi, saa ya mkononi kubwa kama ya mwanamume. Na Thomasi ndani ya gari! Eti kawaonyesha njia. Njia yenyewe ni moja tu, labda aliwaonyesha wasipotelee mbinguni.

Mama Wilhelmina akafungua andiko langu. "Katibu ni nani?"

Mimi, Mama.

"Mmeandika kwamba mwano ukipigwa, kijiji kizima kinatoka ndani ya dakika kumi. Nionyesheni."

Ntemi akaweka mkono kifuani. "Mayu, mama yangu, mwano si ngoma ya kuchezea wageni. Ukishatoka haurudi. Hakuna mlio wa kusema samahani, tulikuwa tunajaribu. Hata mimi kamanda siwezi kuuzima."

"Kwa hiyo hamwezi kuonyesha?"

"Kuweza tunaweza. Kuonyesha hatuwezi."

Thomasi akakohoa kwa utaratibu. "Sisi Ibushilo tumeonyesha. Dakika nane."

Dakika nane kwa kengele ya shule! Na kijiji chote kilikuwa kimepangwa mstari toka asubuhi kama magunia ya pamba, mpaka wachungaji waliitwa kutoka malishoni! Mama Wilhelmina akainamisha kalamu. Mimi najua kusoma juu chini, nilijifunza kwa kunakili kutoka madawati ya wenzangu. Aliandika "Haikuthi—"

Filimbi ya baraza ilikuwa inaning'inia msumarini. Mbuzi wa mjomba walinijia machoni, mmoja mmoja, na majina yao.

Nikaichukua. Nikatoka nje. Nikapuliza, nikapiga yowe mpaka koo likaonja damu.

Ee Mungu, kumbe ni raha! Walitoka pambani na pamba kwenye nguo. Walitoka vilabuni na ulimi mzito lakini upinde mkononi. Mmoja alikuwa ananyolewa, kichwa nusu. Mama yangu alitoka na mwiko wa ugali, anapiga yowe kuwashinda wote. Wanaume mia na arobaini, nimehesabu! Mama Wilhelmina akatazama ile saa yake.

"Dakika saba," akasema. Akachora mstari juu ya "Haikuthi".

Nilitaka kumtazama Thomasi, lakini sikuwa na haraka. Nilimwacha kwanza aimeze hiyo saba.

Ndipo tukausikia. Upande wa Ibushilo — mwano. Wameupokea. Halafu ng'ambo yao, mwingine. Halafu mwingine, mwembamba, mbali, kama inzi ndani ya chupa.

Ntemi akanigeukia polepole. "Haya, katibu. Uzime."

Nikaitazama filimbi mkononi. Lakini Mama Wilhelmina naye aliuliza, je, hakuna njia ya kuwaambia wasimame? Na hapo Mungu akanikumbuka.

"Ndiyo maana tunaomba redio, Mama."

Wale mabwana wa wilaya walicheka mpaka mmoja akashika gari. Ntemi hakucheka.

Kamati wakabaki, nadhani kwa udadisi. Mama yangu akawapa ugali na mlenda. Saa nane na nusu tukasikia kelele kutoka upande wa mto Simiyu. Wanaume wa vijiji vitatu, vumbi, ng'ombe tisa, na kijana mmoja kafungwa mikono.

Mkubwa wao akaeleza. Walikuwa kivukoni wananywesha mifugo, mwano bado haujawafikia. Watu wawili wakaja na ng'ombe, wanasema wanapeleka mnadani Lamadi, vibali wanavyo. Hakuna aliyewashuku. Hakuna aliyewauliza hata salamu! Ndipo mwano ukapita juu yao. Na hao wawili wakatupa fimbo wakakimbia. Mmoja katokomea vichakani, mwingine huyu hapa.

Nani kaibiwa? Mlikuwa mnatafuta ng'ombe wa nani? wakauliza.

Sisi tukatazamana. Hatukuwa tunatafuta ng'ombe wa mtu.

Ntemi akasogea, akashika sikio la ng'ombe mmoja, akatazama ile alama ya kukatwa. La pili. La tatu. Akainua kichwa. "Mwalimu," akasema kwa upole kabisa, "njoo usalimiane na ng'ombe zako."

Za Thomasi! Zote tisa! Ng'ombe za mahari ya dada yake! Wachungaji walikuwa mstarini shuleni wanaonyesha dakika nane, na malishoni hakuna mtu. Thomasi alifungua mdomo, hakikutoka Kiswahili wala Kiingereza.

Ningeishia hapo ningelala vizuri. Lakini yule kijana akainua uso.

"Mayunga! Nkoi, rafiki yangu!"

Masalu. Dawati moja, Form One na Form Two. Alikuwa ananipa rula.

Watu wote mia ngapi sijui wakanigeukia. Mtu akasema, anamjua! Mwingine, muulizeni na maksai wa baba yake, labda ni huyu huyu kijana! Na hilo likaniingia. Sitadanganya humu. Nilimwona baba ameshika kamba tupu mlangoni mwa zizi. Nilitaka mtu mwingine aanze kumpiga, mimi nifuate.

Fimbo zikapanda. Mama Wilhelmina alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari. Andiko langu lilikuwa mkononi mwake, limefunguliwa.

Nikaenda nikalichukua. Sijui miguu ilipata wapi ruhusa. Nikapanda juu ya kinu na kusoma namba nne. Sauti ilikuwa ya mbuzi, basi, acha iwe.

"Soma tena," akasema Ntemi.

Nikasoma tena. "Atakayemgusa ni mkosaji sawa na mwizi."

"Nani kasema hivyo?"

"Wewe, Ntemi." Nikamgeuzia ukurasa wa mwisho. "Dole lako hili."

Alilitazama lile dole kwenye karatasi. Halafu akalitazama lake la mkononi. Muda mrefu, kama mtu anayelinganisha ndama na mama yake. Mimi nilikuwa nachagua njia ya kukimbilia.

Akapita katikati ya fimbo, akakaa chini vumbini kando ya Masalu, na lile goti lake bovu, akaweka upinde mapajani.

"Dole langu limesema," akanguruma. "Anayemgusa huyu kijana, amelikata dole langu. Aanze sasa."

Hakuna aliyeanza.

Nikaandika jina la Masalu daftarini. Wakampakia katikati ya wale mabwana wawili, wakaondoka naye kwenda Bariadi, jua bado liko juu. Nafasi ya Thomasi ikawa haipo. Akarudi Ibushilo kwa miguu, anaswaga ng'ombe zake tisa, na kalamu tatu mfukoni.

Ijumaa, 2 Agosti

Asubuhi Ntemi kaniita zizini kwake. Nikapiga goti. "Mwangaluka, baba." Hakuitikia. Alinipa maziwa kwanza, nikanywa, nikajua ninakufa nimeshiba.

Akasema: "Siku nyingine ukitaka kuweka maneno kwenye dole langu, niambie kabla. Nisije nikasikia nimeoa."

Nikacheka. Akanipiga kofi moja la kichwa. Kisha akacheka yeye.

Halafu akaacha kucheka. Makamanda wa vijiji vinne wametuma watu. Wanauliza swali moja: mwano wa jana ulipigwa kwa wizi gani? Wanaume wao waliacha pamba chini, na wanunuzi binafsi hawangoji mtu, lori likiondoka limeondoka. Na yule aliyepiga filimbi wakati huo hakuwa ameibiwa, wala hakuwa amesikia kwamba kuna aliyeibiwa.

Kosa hilo lina jina. Mwano wa uongo. Baraza la vijiji vitano litakaa tarehe 15.

Nikasema, lakini ng'ombe si wamepatikana!

"Wamepatikana," akasema Ntemi. "Ulikuwa unajua wameibiwa?"

Jumatano, 7 Agosti

Mama kanieleza adhabu, maana mimi nilikuwa najifanya siifahamu. Nyumba inatengwa. Hakuna kusalimiwa, hakuna kupewa moto, hakuna kusaidiwa kuvuna wala kuzika. Mwaka, au zaidi. Na mtu aliyetengwa hawezi kuwa katibu wa chochote. Mama anamjua mwanamke wa Mkula aliyewahi kutengwa. Alifika mahali pa kuwasalimia kuku, asubuhi na jioni, na kusubiri waitikie.

Akaniambia bila kugeuka, anapeta mchele: "Ulipiga filimbi kwa ajili ya kijiji au kwa ajili ya mdomo wako?"

Vyote viwili, mama.

"Angalau hudanganyi."

Ila leo nimetoka Bariadi, nilienda kutoa maelezo ya kesi. Scola kasema habari imejaa stendi nzima, eti kuna kijiji kinaita wezi kwa filimbi na wanakuja. Nikamwambia ndiyo, mimi ndiye mpulizaji. Akasema kumbe jogoo ndiye aliyekuwa amenyamaza, mwenye jogoo hakunyamaza.

Na mahakamani! Hakimu alimwuliza Masalu, sungusungu walikupiga? Masalu akasema hapana, mheshimiwa. Hata kofi? Hata kofi. Hakimu akavua miwani akamtazama upya. Masalu amekiri na ametaja wenzake watatu wa mtandao wao. Polisi wameshawafuata.

Nilipata nafasi ya kusimama naye dakika mbili kabla hawajamrudisha mahabusu. Nikamwuliza kwa sauti ndogo: maksai wa baba, Novemba mwaka juzi, ulikuwemo?

Akanishangaa. "Novemba mwaka juzi nilikuwa dawati moja na wewe, Mayunga. Ulilia siku ile. Mimi ndiye niliyekubebea sanduku mpaka barabarani."

Ni kweli. Nilikuwa nimesahau. Na mimi ndiye niliyetaka mtu mwingine aanze.

Jumatatu, 12 Agosti

TUMEPATA!!!

Mwabadimi! Mwabadimi! Redio koli, baiskeli sita, tochi kumi na mbili, bati, semina — vyote! Mtendaji kasoma barua akiwa juu ya kinu kilekile. Barua inasema kamati "imeridhishwa kipekee na utekelezaji wa Namba 4". Namba yangu! Wazee ambao sikuwasomea hiyo namba sasa wanaitaja kama waliitunga wao. Kuna mzee anaimba "namba nne" anapopita nyuma ya ng'ombe zake.

Wamenibeba! Juu juu, kutoka ofisini mpaka kwa mama! Yule aliyesema nilifukuzwa shule ndiye aliyenishika mguu wa kulia. Nilimwambia ashike vizuri, huo ni mguu wa Form Two.

Vifaa vinachukuliwa Bariadi Jumatatu ijayo. Na barua inasema vitakabidhiwa kwa katibu aliyeandika maombi, mwenyewe, kwa sahihi yake. Kama hayupo au ameondolewa, vinarudi wilayani na kwenda kwa kijiji cha pili.

Kijiji cha pili ni Ibushilo.

Mama alisoma uso wangu wakati watu wanacheza. Tarehe 15 inakuja kabla ya Jumatatu.

Alhamisi, 15 Agosti

Naandika hapa hapa barazani. Daftari la kumbukumbu liko juu, hili liko chini yake. Wanadhani nachelewa kwa sababu naandika hati nzuri.

Maana hakuna mwingine wa kuandika! Wa vijiji vitatu hawana katibu kabisa. Thomasi yupo, lakini ni shahidi. Kwa hiyo mshtakiwa ndiye anayeandika kesi yake. Nimejiandika "Mshtakiwa: Ndg. Mayunga, Katibu". Ile Ndg. nimeikoleza.

Watu ni mamia. Makamanda watano wamekaa mstari mmoja, Ntemi Masunga katikati. Mama yuko upande wa wanawake, kajifunga khanga mpya. Kama ni kutengwa, kasema, tutengwe tumependeza.

Kamanda wa kwanza ameongea. Mwano ulipigwa bila wizi. Kijana alitaka kuwafurahisha wageni. Tukiuachia huu, kesho watoto watapiga mwano wa kutafuta mpira. — Ameongea vizuri, mshenzi. Nimemwandika neno kwa neno.

Wa pili amesema: wizi ulikuwepo. Mwano haukujua kama ni wa uongo. Wezi waliujua. Watu wameguna kwa kukubali.

Wa tatu: basi wezi ndio watuamulie sheria? Watu wameguna vilevile. Wanaguna kwa kila mtu hawa!

Wameniuliza nina la kusema. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa mbili. Nikasimama, nikaona mama, nikasema tu: sikujua kama kuna wizi. Nilipiga kwa sababu nilitaka tushinde. Nikakaa. Fupi kuliko yote niliyowahi kusema maishani, na nimeiandika ilivyo.

Sasa wamemwita Thomasi. Swali la Ntemi ni hili: Mwalimu, siku ile, mwano ulipokufikia, ng'ombe zako walikuwa malishoni au hawakuwa?

Thomasi amesimama. Leo ana kalamu moja. Ananitazama mimi, anatazama mikono yangu inavyoandika. Anajua ile barua. Anajua nani ni wa pili. Akisema walikuwepo, mwano wangu ni wa uongo, na redio ni yao. Nyuma yake watu wa Ibushilo wamenyoosha shingo kama wameona baiskeli tayari.

Anachelewa.

Ntemi hajamngoja. "Katibu, wakati Mwalimu anatafuta maneno, andika ajenda ya pili. Jumatatu, nani wanafuatana na katibu kwenda Bariadi kuchukua redio."

Kamanda wa kwanza karuka. "Ya kwanza haijaisha! Katibu yupi huyo?"

"Kwani humu unaona wangapi wanaoandika?" kasema Ntemi. Hata hakumtazama. "Mayunga. Andika."

Watu wanacheka. Thomasi naye, mdomo umemcheza kidogo. Amevua kofia. Amesema, "Ng'ombe zangu siku ile—"